Miaka 18 ya karate, na siku ya siku nikakimbia hadi kiatu kikachomoka. Nilikosea?

#1 Mwalimu_Bondeni

Habari zenu. Nina swali, na tafadhali someni hadi mwisho kabla ya kucheka.

Nimefanya karate miaka 18, na Jumamosi nafundisha watoto kwenye ukumbi mmoja hapa Nakuru. Jumanne iliyopita nilitoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri kuwahi gari la kwanza la Nairobi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Taa za barabarani, moja inawaka, tatu zimekufa. Nikampita mama wa chai, jiko lake ndio kwanza linashika moto na vijana wawili wa boda wakiota hapo, nikaingia kile kipande cha maduka yaliyofungwa. Kushoto milango ya mabati, kulia mtaro.

Mbele kuna kijana ameinama chini ya baraza, anafunga kamba za viatu. Sijui ni kwa nini, nikasimama nikamwangalia vizuri. Amevaa patipati.

Patipati hazina kamba.

Kisha mwingine akachomoza kichochoroni, mikono ndani ya koti, na mluzi ukapigwa mahali nisipopaona. Sikungoja kumjua mpiga mluzi. Niligeuka, nikaruka mtaro niwe katikati ya barabara, nikarudi mbio hadi kwenye jiko la mama. Kiatu cha kushoto kilibaki mtaroni. Nilisafiri na gari la pili, mguu mmoja soksi.

Jumamosi mwanafunzi wangu wa miaka 14 akaniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, sasa sisi tunajifunza nini?" Mimi nasema karate ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu macho na hesabu ya umbali nimefunzwa huko. Mke wangu anasema kilichoniokoa ni woga, na woga hauna mkanda. Wadau mnasemaje?

#2 Mtoto_wa_Rhonda

Mwalimu, katika zile kata zenu, miondoko ya karate iliyopangwa, hii ya kukimbia inaitwaje? Na mtihani wake unafanywa na kiatu kimoja au viwili?

#3 Bibi_Harusi_58

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wacha wacheke, mwalimu. Mkeo anakupikia leo, hakukupikia matanga.

#4 Makanga_Mstaafu

Pole kwa kiatu. Lakini karate usiipe sifa isiyo yake. Nimening'inia kwenye mlango wa matatu miaka kumi na moja, Nakuru–Njoro na baadaye Nakuru–Eldama Ravine. Hiyo ya kamba za viatu ni ya zamani kuliko sisi wote. Zipo nyingine: anayekuuliza saa ngapi na simu iko mkononi mwake. Anayeomba kiberiti na hana sigara. Anayesoma bango ambalo lilibandikwa uchaguzi uliopita. Mtu akifanya kazi isiyokuwepo, jua wewe ndiye kazi yenyewe. Sijavaa kanzu nyeupe hata siku moja na haya yote nayajua.

#5 Mwalimu_Bondeni

@Makanga_Mstaafu, sikatai. Lakini kuona ni kitu kimoja, na mwili kukutii baada ya kuona ni kingine. Wangapi wameona na wakaendelea kutembea kwa sababu ya haya? Unajiambia "nikigeuka ataniona mjinga." Mimi niligeuka bila kujadiliana na mtu.

Kuna neno tunalitumia, zanshin. Ni ile hali ya kubaki macho hata baada ya pigo kuisha, akili haijakunja virago. Na lingine, maai, nafasi kati yako na mwenzako. Mtoto wa mkanda mweupe tunamfundisha maai kabla hajajua kukunja ngumi. Na Gichin Funakoshi, yule mzee wa Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, ana kanuni yake: karate ni sente nashi. Katika karate hakuna kuanza. Hata kata ya kwanza ya mtindo wa Shotokan, Heian Shodan, inafunguka kwa kuzuia.

#6 Mpakani_Busia

Huku kwetu mpakani "sente" ni pesa. Kwa hivyo karate ni sente nashi... nimeelewa. Ndiyo maana mwalimu anapanda gari la alfajiri.

#7 Mtoto_wa_Rhonda

Nimemwaga uji kwa simu. @Mpakani_Busia, umeharibu Ujapani mzima.

#8 Anguka_Salama_Kisumu

Salamu kutoka Kisumu. Mimi ni wa judo, mkanda wa kahawia, na nina neno.

Watu hudhani sanaa hizi ni za kumwangusha mtu. Jigoro Kano alipofungua Kodokan mwaka 1882 pale Tokyo, msingi wake ulikuwa kuanguka vizuri na kutumia nguvu za mwenzako badala ya kushindana nazo. "Ju" yenyewe ni ulaini. Nimefanya judo miaka tisa. Mara nilizomtupa mtu nje ya mkeka: sifuri. Mara nilizoanguka na kuinuka mzima: nyingi. Ya mwisho ilikuwa Kisian, boda imeteleza kwenye mchanga pale njia panda, nikajikunja kidevu kifuani, nikabingirika, nikapiga chini kwa mkono kama tunavyofanya mazoezini. Suruali ilichanika, mimi nikasimama. Yule dereva aliyejaribu kujizuia kwa kiganja alivunjika kifundo cha mkono.

Sasa hiyo mtaiita kujihami au ajali? Mimi naiita kujihami. Lami ya Kenya imepiga watu wengi kuliko majambazi.

#9 Bibi_Harusi_58

Hapo kwa lami nakuunga mkono.

#10 Kifaru_wa_Menengai

Mwalimu alifanya sawa kabisa. Polisi wa Marekani walipima: mtu mwenye kisu akiwa mita 21 anakufikia kabla hujachomoa bastola. Kwa hivyo ukiwa ndani ya mita 21, kimbia.

#11 Makanga_Mstaafu

Mita 21? Huyo mwenye kisu amepanda nini, pikipiki?

#12 Anguka_Salama_Kisumu

@Kifaru_wa_Menengai, ni futi 21, ndugu, si mita. Kama mita sita na nusu hivi. Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City, ndiye aliyeandika jambo hilo mwaka 1983. Alipima kwamba mtu wa kawaida huimaliza hiyo nafasi kwa sekunde moja na nusu. Na hakusema "kimbia". Hesabu yake ilihusu wakati wa kuchomoa silaha. Sisi wa mikono mitupu tunachochukua hapo ni kwamba mita sita ni karibu sana. Kwenye njia za Nyalenda, ukimwona mtu tayari yuko ndani ya hizo sita.

#13 Kifaru_wa_Menengai

Asante kwa kunisahihisha. Futi basi. Ila bado kimbia.

#14 Nyar_Dunga

Nimesoma hadi hapa na naona wanaume wanapeana mikanda. Na sisi? Mimi nauza samaki. Narudi usiku na ndoo, na mwaka ule nilikuwa na mtoto mgongoni. Niambieni nikimbie hadi wapi.

Nitawaambia nilichofanya. Nilipanda tuktuk Kibuye, giza limeingia, naenda upande wa Dunga. Dereva akaacha barabara ninayoijua. Nikamuuliza, akasema kuna msongamano mbele. Hakukuwa na msongamano, nilikuwa nasikia magari yanapita vizuri. Moyo ulinipiga hadi mtoto akaamka. Nikavuta pumzi, nikaitoa polepole, mara tatu, hiyo nilifunzwa na mkunga wakati wa kujifungua wala si na Mjapani. Kisha nikashika simu, haikuwa hata na salio, nikaongea Kijaluo kwa sauti kubwa kama mtu anayemgombeza kaka yake: "Omera, niko kwa tuktuk ya rangi hii, nambari ni hii, imepitia hapa, njoo unipokee pale kwa duka, na uje na wale vijana." Nambari nilikuwa nimeisoma nikipanda. Huwa naisoma kila mara.

Halafu nikamwambia dereva kwa upole, "Baba, simama hapo kwenye duka la taa ninunue maziwa ya mtoto." Nilimwita baba, na alikuwa mdogo kwangu. Akasimama. Nikashuka na ndoo, nikamlipa nauli yote, nikaingia dukani nikakaa.

Labda alikuwa anakwepa askari wa trafiki tu. Sitajua kamwe, na sina haja ya kujua.

#15 Mwalimu_Bondeni

Dada, hiyo ya kumlipa nauli yote ndiyo imenishika. Hukumwachia sababu ya kukufuata.

#16 Nyar_Dunga

Hapana, mwalimu, usiifanye iwe hekima. Sikuwa na chenji.

#17 Mtoto_wa_Rhonda

😂😂 Na kiboko je? Maana Dunga hakuna jambazi kama kiboko.

#18 Nyar_Dunga

Kiboko hana maneno mengi. Usisimame kati yake na maji, basi. Akiwa nchi kavu na wewe umemzibia njia ya ziwani, utajua kwamba zile mbio za mwalimu zilikuwa matembezi.

#19 Mlango_wa_Kondele

Wadau salaam. Nilikuwa baunsa kwenye klabu moja Kondele miaka sita. Nina kilo 110 na nilijifunza taekwondo shuleni. Nisikilizeni sasa, maana mmeongea habari za majambazi, na mimi niliona zaidi ugomvi. Ugomvi ni ugonjwa mwingine.

Jambazi anataka simu yako, akiipata anaondoka. Mlevi anataka uso wake. Ukimshika kola mbele ya meza yake umemaliza mambo, lazima apigane, hata kama anajua utamvunja. Hapigani nawe, anapigania meza. Kwa hivyo nilikuwa simgusi. Nasimama kwa pembeni, bega langu likielekea bega lake, tukiangalia upande mmoja kama watu wanaotazama mpira. Mikono wazi, juu kidogo ya tumbo, kama mtu anayeeleza bei ya ng'ombe. Ukitazama haraka ni mikono ya amani, lakini iko tayari kama mambo yakiharibika. Sauti chini. Nikiwa chini, yeye hawezi kubaki juu peke yake bila kuonekana kichaa. Kisha: "Mzee, kuna mtu anakuuliza pale nje." Hakuna mtu. Lakini amepata njia ya kutoka kwa miguu yake, na wenzake wamemwona akitoka kama mkubwa aliyeitwa. Nje kuna hewa, hakuna watazamaji, na boda wa kumpeleka nyumbani nimeshamwita.

Mara nne tu kwa miaka sita ndizo nilizoshindwa na maneno. Katika hizo nne, mara mbili kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimegombana nyumbani nikaja kazini na hasira.

#20 Makanga_Mstaafu

Bega kwa bega! Hiyo ni ya makanga halisi. Abiria mlevi hasimamiwi mbele. Unakaa naye kiti kimoja, unamuuliza watoto wako darasa la ngapi, ukifika steji yake unamwambia "mzee tumefika, ishirini yako hii hapa." Ishirini yenyewe ilikuwa haidaiwi. Unainunua amani kwa shilingi ishirini, gari linaendelea.

#21 Kifaru_wa_Menengai

Nakuru ni mji wa ngumi, msisahau. Philip Waruinge alituletea fedha ya Olimpiki Mexico 1968. Marehemu baba alizoea kwenda kuwaona mabondia pale Madison Square Garden yetu ya Nakuru, ule ukumbi, na alisema mabondia wakali ndio waliokuwa wapole barabarani.

#22 Shabiki_wa_Afraha

@Kifaru_wa_Menengai, leo una mkosi wa namba. 1968 ilikuwa shaba, uzani wa unyoya, lakini alipewa kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuwashinda wote kwenye michezo ile. Fedha ni Munich 1972.

Lakini la baba yako ni kweli. Mjomba wangu alicheza ngumi akiwa kijana. Alikuwa akisema ngumi za mtaani hazina kengele, hazina mwamuzi, na mpinzani hapimwi kwenye mizani. Mtu aliyewahi kupigwa sawasawa ulingoni hana hamu ya kupigwa bure. Nadhani hiyo ndiyo siri yenyewe, si macho wala umbali. Ni kwamba huna tena cha kuthibitisha. Mwalimu alikimbia kwa sababu anajua anaweza kupiga. Asiyejua angebaki pale ajaribu.

#23 Mtoto_wa_Rhonda

Au alikimbia kwa sababu walikuwa watatu.

#24 Upande_wa_Pili

Nimejiunga leo ili kujibu uzi huu. Mtaa sitautaja. Nilikuwa upande ule mwingine, miaka mitatu, nikiwa na kati ya 17 na 20. Ngeta. Nilifungwa, nikatoka, sasa nachomelea vyuma na nina watoto. Anayetaka kunitukana, nafasi ipo.

Tulikuwa watatu kawaida. Mmoja anakaba, wawili wanapapasa mifuko. Mkono ukiingia vizuri shingoni ni kama sekunde kumi mtu analegea, na hapo unamlaza tu. Kwa hivyo yote yanaamuliwa kabla mkono haujaingia. Mkiongelea vile mtu angejinasua, tayari mmechelewa.

Hatukuangalia mabega. Niliwahi kumwona jamaa mwenye kifua kama kabati akilala kama mtoto. Tuliangalia miguu na kichwa. Mtu anayeburuta miguu, au anayetembea hatua fupi fupi kama anaomba ruhusa ya barabara. Mtu mwenye taa ya simu usoni, huyo haoni chochote zaidi ya kioo, na amekuonyesha simu yenyewe. Mwenye vitu masikioni. Anayetembea akigusa ukuta, maana ukuta unakuziba upande mmoja na kichochoro kinakufungua. Tulimpenda sana huyo.

Na hili msikie vizuri. Anayegeuka nyuma mara moja, akakutazama usoni, kisha akahamia upande wa pili wa barabara bila haraka, tulimwacha. Ameshatuhesabu. Anayegeuka mara tano tano anaogopa, na mwenye kuogopa hivyo amebeba kitu. Huyo tulimfuata hadi mwisho.

Mwalimu, wewe ungeachwa hata bila kukimbia. Ulipomtazama viatu, kazi iliisha. Yule kijana aliyevaa patipati alitukanwa na wenzake siku nzima, nakuhakikishia.

#25 Bibi_Harusi_58

Sijui nikushukuru au nikulaani. Mimi nilipigwa ngeta mwaka 2015, sauti ilinikauka wiki mbili na hadi leo siwezi kuvaa mtandio shingoni. Nilikuwa nagusa ukuta. Miaka yote hii nilidhani ukuta unanilinda.

#26 Upande_wa_Pili

Mama, sina neno. Naomba msamaha hata kama si mimi.

#27 Maktaba_Kakamega

Alichosema #24 kuhusu miguu kiliwahi kuchunguzwa. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Marekani, Betty Grayson na Morris Stein, walichapisha kazi yao: waliwarekodi wapita njia New York bila wao kujua, kisha wakawaonyesha wafungwa waliohukumiwa kwa kushambulia watu, wakiwauliza nani ni rahisi. Jibu halikufuata ukubwa wa mwili. Lilifuata mwendo: urefu wa hatua, namna mguu unavyoinuliwa, kama mikono na miguu inaenda pamoja au kila kiungo kina safari yake.

Hapo karate, judo, ngumi na ngoma ya isukuti zote zinaingia. Zote zinafundisha mwili kwenda pamoja.

#28 Shabiki_wa_Afraha

Kwa hivyo mpiga isukuti haibiwi?

#29 Maktaba_Kakamega

Huibiwa isukuti.

#30 Namba_Hazidanganyi

Samahani kuingilia sherehe. Tumesikia mwalimu aliyeokoka, dada aliyeokoka, baunsa aliye hai. Mnaona kasoro? Mtu aliyesimama, akatazama viatu, akahesabu umbali, akapumua mara tatu na bado akachomwa kisu hawezi kuandika hapa. Huenda kila mmoja wenu alikuwa na bahati, na sasa kila mmoja ameipa bahati yake jina la kazi anayoifanya. Mwalimu anaiita karate. Makanga anaiita umakanga. Ningetaka kusikia aliyefanya kila kitu sawa na yakamkuta.

#31 Bibi_Harusi_58

Na aliyefanya kila kitu vibaya akafika salama, yuko pia. Mume wangu. Anatembea Bondeni saa sita usiku akiimba.

#32 Anguka_Salama_Kisumu

@Namba_Hazidanganyi, mimi nina wa kwako. Rafiki yangu, mkanda mweusi wa judo, macho kama mwewe. Alimwona jamaa, akasogea, akampa simu bila ubishi, akainua mikono. Akapigwa rungu la kichwa hata hivyo, kwa sababu simu ilikuwa mulika mwizi, ile ya bei rahisi, na jamaa alikasirika. Alipona. Sasa anatembea na simu mbili, ya kwake na ya kutoa.

#33 Korido_za_Mahakama

Nimefanya kazi ya ukarani wa wakili, niseme la sheria kwa ufupi maana naona vijana wanasoma.

Ile hadithi kwamba ukipata mkanda mweusi unaandikisha mikono polisi ni porojo, sheria hiyo Kenya haipo. Kilichopo ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Kifungu cha 17 kinasema mambo ya kutumia nguvu kujilinda wewe au mali yako yataamuliwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Maana yake, nguvu ilingane na hatari. Akishaanguka na wewe ukaendelea kumpiga teke, hapo kujilinda kumeisha na kesi imeanza. Kifungu cha 251, kumjeruhi mtu, ni hadi miaka mitano. Nimemwona mtu aliyeshambuliwa yeye, akashinda ugomvi, na mshambuliaji ndiye aliyewahi kituoni kupata nambari ya OB (kitabu cha matukio) na fomu ya P3 (ya daktari kuthibitisha majeraha). Shujaa wetu akafika kesho yake akiwa mshtakiwa. Kimbia, halafu kimbilia kituoni.

#34 Mlango_wa_Kondele

Na usipige kelele ya "mwizi!" ovyo. Umati ukifika hauulizi nani ni nani. Nimewahi kumfungia mtoto wa watu ndani ya stoo ya kreti za soda hadi polisi wakaja. Alikuwa mteja aliyegongana na mtu mlangoni.

#35 Mwana_wa_Shinyalu

Mnasumbuka bure, njooni mjifunze kwa fahali. Kwetu wanapigana alfajiri, Khayega, Ikolomani, watu wamejaa, filimbi na ngoma. Fahali wakifikishwa ana kwa ana hawaruki tu. Wanatazamana. Mmoja anachimba ardhi kwa kwato, mwingine anageuza ubavu aonekane mkubwa. Mara nyingine mmoja anapiga hesabu yake hapo hapo, anageuka, anatimua mbio na umati unapasuka. Ameshindwa, ndiyo, lakini hana jeraha. Babu alikuwa na fahali wa namna hiyo. Watu walimcheka babu. Mwezi uliofuata yule fahali alikuwa anakula majani, na yule aliyekubali vita alikuwa amekwenda buchani.

#36 Shabiki_wa_Afraha

Babu yako alipata tuzo gani kwa hilo?

#37 Mwana_wa_Shinyalu

Hakuna. Alikufa akimdharau yule fahali.

#38 Mwalimu_Bondeni

Nimerudi, na nina la kuongeza. Sijui kama litanisaidia.

Jana nilikwenda kwa mama wa chai kuuliza kama kuna mtu ameona kiatu. Kumbe kijana wa boda alikitoa mtaroni asubuhi ile ile. Kiko chini ya meza, amekikausha karibu na jiko hadi ngozi imejikunja kama mkate. Akanipa. Halafu mama akaniambia, "Baba Shiro, wewe una masikio ya urembo."

Anasema alipokuwa anawasha jiko aliwaona wale watatu wakigawana sehemu za kusimama. Nilipompita, aliniita: "Baba Shiro, deni langu la chai!" Sikuwa na deni. Nikaendelea. Akaniita tena, kwa nguvu. Anasema ni mara ya pili ndipo niliposimama na kuanza kumwangalia yule kijana miguu.

Wadau, sikumbuki kuitwa. Nimejaribu usiku kucha. Nakumbuka mabati, mtaro, harufu ya makaa, patipati. Sauti ya mama haimo.

#39 Makanga_Mstaafu

NILISEMA.

#40 Maktaba_Kakamega

Kwenye hofu kubwa masikio hufungwa, hilo linajulikana, watu hawasikii hata mlio wa bunduki iliyo karibu. Lakini hofu yako ilikuja baada ya kusimama, si kabla. Kwa hivyo hapo pana utata.

#41 Anguka_Salama_Kisumu

Hakuna utata. Mwili ulisikia, akili haikuandika. Hiyo ndiyo zanshin yenyewe, mwalimu. Usiitupe.

#42 Namba_Hazidanganyi

Sasa hata kuitwa na mama ni zanshin. Haya.

#43 Nyar_Dunga

Mimi ninamwamini mama. Amewaona akiwa ameinama anapuliza makaa. Hakuwaita polisi, hakupiga kelele, hakuwataja, amedai deni tu. Wao wamesikia mtu anajulikana hapa, ana jina, ana anayemngoja. Mpeni mama mkanda.

#44 Upande_wa_Pili

Kweli. Mtu akiitwa kwa jina la mtoto wake tulikuwa tunapoteza hamu.

#45 Kifaru_wa_Menengai

Au mama anajiongezea chumvi baada ya tukio. Watu wa steji wanapenda kuwa ndani ya hadithi.

#46 Mtoto_wa_Rhonda

Mwalimu, tuache hayo. Yule mwanafunzi wa miaka 14 umemjibu nini?

#47 Mwalimu_Bondeni

Bado. Jumamosi hii nitawapeleka wote kwa mama tukanywe chai, wakae dakika ishirini, kila mmoja aniandikie aliyoyaona. Baadaye tutarudi ukumbini kwa Heian Shodan kama kawaida.

#48 Bibi_Harusi_58

Na lile deni la chai ulilipa?

#49 Mwalimu_Bondeni

Nililipa vikombe viwili, kimoja kwa kila mara aliyoniita. Sasa anasema aliniita mara tatu.